Mwisho Niliouota

Jumapili moja mvua ilinyesha Mlolongo, vumbi la machimbo likatulia, nami na mume wangu tukatazama filamu ya zamani ya Hollywood, isiyo na rangi. Mpelelezi mwenye kofia alimfuata mwanamke mwongo kwenye barabara zilizojaa vivuli. Nikasema hii ni noir halisi, zile filamu za giza ambazo mtu huingia mtegoni asitoke.

Ngurumo za malori zikanibembeleza, nikalala kabla filamu haijaisha. Ndotoni mwanamke alipotelea kwenye ukungu, mpelelezi akabaki akimwita.

Nilipoamka, mume wangu alikuwa akitabasamu.

"Wameoana," akasema. "Hiyo si noir, mama. Ni mapenzi tu."

Sikuamini, kwa hiyo tukairudisha nyuma. Kweli walioana, lakini pale kanisani mpelelezi hakumtazama bibi harusi hata mara moja. Alitazama mlango.

"Ona macho yake," nikasema polepole. "Huyu bado yuko gizani."

Mume wangu aliirudisha tena, akayatazama macho yale kwa muda mrefu.

"Pengine ni noir," akasema, akainuka kwenda kuchemsha chai.