Boneti ya Gari la Mkwe

Mpaka leo mtu akinitajia stika za magari ya mfano nasikia damu inanipanda. Sisemi hizi za kubandika kwenye kioo cha basi, hizo hata mlevi anabandika. Nasema zile za kulowesha majini, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, zinazowekwa kwenye magari madogo ya plastiki. Zilinitesa, na nilikubali kuteswa kwa sababu moja tu: nilitaka kuoa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa fundi msaidizi kwenye gereji ya misheni huku Karagwe, na binti niliyempenda alikuwa wa Bweranyange. Baba yake alikuwa dereva mstaafu wa malori ya kahawa, mzee mgumu kweli. Vijana wawili walikuwa wameshapeleka washenga kwake, na wote walisikilizwa kwa heshima, wakasindikizwa mpaka njiani, wakarudi mikono mitupu. Baba yangu mdogo, ambaye ndiye angekuwa mshenga wangu, aliniambia wazi kwamba na yeye anaogopa.

"Wale walikuwa na mashamba," alisema. "Wewe una spana."

Binti ndiye aliyenipa wazo. Aliniambia baba yake hana anachokipenda kama magari. Hata baada ya kustaafu, lori likipita alitoka migombani na panga lake mkononi, akasimama kulitazama mpaka vumbi litulie. Nikajiambia, basi nimempata.

Pale gereji tuliwahi kuwa na fundi Mzungu ambaye jioni alipenda kuunganisha magari madogo ya mfano, kipande kwa kipande. Mkataba wake ulipokwisha aliniachia moja ambalo hakulimaliza. Lilikuwa jekundu, urefu wake kama kiganja na nusu, na milango yake ilifunguka. Kilichobaki kilikuwa stika za boneti, karatasi mbili za rangi nyeusi zenye mchoro wa nyuzi zilizosukwa. Alinieleza kwamba siku hizi magari ya mashindano hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, zinasukwa kama kitambaa kisha zinagandishwa kwa gundi, zinakuwa nyepesi kuliko bati na ngumu kuliko bati. Stika zile zilikuwa za kuigiza nyuzi hizo.

Sasa hapo ndipo nilipoanza kuhangaika. Karatasi moja ilikuwa na msuko mdogo mno, ukiusogeza mbali kidogo unaona weusi tu. Nyingine ilikuwa na msuko mkubwa, unaonekana hata na mtu aliyekaa upande wa pili wa chumba. Mzungu alikuwa ameniambia msuko mdogo ndio sahihi kwa gari la ukubwa ule. Lakini nikafikiri, nitoke jasho lote hili halafu mzee aone boneti iliyopakwa masizi? Nikachagua msuko mkubwa.

Kubandika sasa. Unakata kwa wembe, unalowesha kwenye maji ya uvuguvugu, unasubiri stika iachie karatasi, unaitelezesha taratibu juu ya boneti. Kusema ni rahisi. Ya kwanza ilijikunja yenyewe kama jani kavu la mgomba, nikajaribu kuikunjua ikachanika. Ya pili ilikaa vizuri katikati, lakini boneti ilikuwa na matuta mawili, na juu ya matuta stika ikafanya makunyanzi na mapovu. Nikiminya povu huku, linaibukia kule. Mzungu alikuwa na dawa yake ya kulainisha, lakini kichupa alichoniachia kilikuwa kimekauka. Nilikumbuka aliwahi kusema ukiikosa hiyo unaweza kutumia siki.

Siki utaitoa wapi kijijini kwetu Kituntu? Nikatafuta kitu kichachu kilichokuwa karibu, na kwetu kitu kichachu hakitafutwi mbali. Kulikuwa na rubisi ya siku nyingi chini ya dumu, pombe ya ndizi iliyochacha mpaka inachoma pua. Nikachovya brashi, nikapaka. Nisiwafiche, stika ililainika vizuri, ikalala juu ya matuta kama imezaliwa pale. Nilifurahi nikaenda kuoga. Niliporudi, boneti nzima ilikuwa sisimizi. Walikuwa wameitoboa stika huku na kule, na punje za mtama uliochachushia rubisi zilikuwa zimegandamana na nyuzi zangu za kaboni. Nilikaa kwenye kiti nikatukana mpaka mama akatoka jikoni.

"Wenzako wanapeleka mbuzi," alisema, akalitazama gari. "Wewe unapeleka kichuguu."

Sikucheka. Nilikuwa nimebakiza kipande kimoja tu cha msuko mkubwa. Nilikamua ndimu, nikaichuja kwa kitambaa, nikaongeza maji, nikabandika nikiwa nimebana pumzi. Safari hii ikakaa. Ilipokauka nikapaka vanishi juu yake, ile ya kupaka makabati, ili isitoke milele. Boneti iling'aa, kila uzi ukaonekana umepita juu ya mwenzake na chini ya mwenzake. Niliona nimemaliza kazi ngumu, iliyobaki ni maneno tu.

Siku ya kujitambulisha tulikaribishwa vizuri. Nyasi mbichi zilitandikwa sakafuni, tukapewa kahawa ya kutafuna kama ada, na baba mdogo akazungumza kwa adabu zote. Kwa desturi ya nyumba ile, mzee akiridhika huagiza binti aitwe atoke ndani aulizwe kama anawafahamu wageni. Asipoitwa, mmekwisha. Kwa hiyo masikio yangu yote yalikuwa kwenye mdomo wa mzee, nikisubiri aagize.

Niliinuka, nikasema, "Shikamoo tena, mzee. Hii ni zawadi yako," nikampa gari kwa mikono miwili.

Uso wake ulibadilika. Alifungua mlango mmoja, akaufunga, akafungua wa pili. Alizungusha usukani kwa ncha ya kidole na kuangalia kama matairi yanafuata. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyesahau kwamba ana wageni. Kisha akaligeuza gari akaona boneti, na cheko likaisha.

"Nani kaweka mkeka hapa?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza magari ya mashindano, nyuzi za kaboni, wepesi na ugumu, nikaeleza kama mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kijana," akasema, "mimi naona mkeka." Akapitisha kidole juu ya msuko. "Ugonjwa huu wa ukimwi ulipoingia, gari pekee lililokuwa na mafuta huku lilikuwa ninaloendesha mimi. Nilikuwa nikishusha kahawa Bukoba, kurudi napakia maiti za watu hospitali. Sanduku hakuna. Kila mmoja amefungwa kwenye mkeka. Nimewarudisha kwa mama zao kila kijiji unachokijua. Wa mwisho alikuwa mwanangu. Nilipomshusha hapo nje nikawarudishia wenye gari funguo zao."

Aliliweka gari chini kwenye nyasi, polepole. Nilijua binti alifiwa na kaka yake, lakini hakuwahi kuniambia huyo kaka alirudishwaje nyumbani. Baba mdogo alikohoa, akaanza kusema kwamba tutarudi siku nyingine, na nilijua siku nyingine haipo.

Nilishikwa na hasira, siwafichi. Kwanza nilimkasirikia mzee, kisha Mzungu na msuko wake, kisha mimi mwenyewe niliyetaka msuko uonekane kutoka upande wa pili wa chumba. Nikapiga magoti kwenye nyasi na suti yangu ya kuazima, nikalichukua gari nikaanza kukwangua boneti kwa kucha.

Haikutoka. Ile vanishi ya makabati ilikuwa imeshika kweli. Nikakwangua zaidi, ukucha ukavunjika, nikatumia wa kidole kingine. Stika ikaanza kutoka vipande vidogo kama magamba ya samaki, na kila kipande kiliondoka na rangi nyekundu ya chini, mpaka plastiki nyeupe ikaonekana. Gari likawa bovu mbele ya macho yangu. Baba mdogo akaninong'oneza niache, tunajitia aibu. Sikuacha. Nilikuwa nikikwangua na machozi ya hasira yananitoka, damu kidogo kwenye kidole, na kile kipande cha mwisho karibu na kioo kilikataa katakata kutoka.

Mkono wa mzee ukashuka ukafunika wangu, pamoja na gari.

"Acha sasa, mwanangu," akasema. "Utaumia."

Kisha, bila kuutoa mkono wake, akageukia upande wa chumbani na kumwambia mkewe kwa Kinyambo chetu, binti atoke.