Ijumaa za Ami Nassor na Ndege ya Jangwani

Mwezi uliopita mafundi walifungua chumba cha mitambo ya lifti katika hoteli ninayofanyia kazi, Dubai Marina, na harufu ya grisi iliyopikwa na chuma cha moto ikanikuta nimebeba mashuka. Nikasimama. Mwenzangu, Mkenya mchangamfu, akaniambia, "Yalla, twende, madam anangoja," lakini mimi nilikwisharudi kwenye umri wa miaka tisa, ndani ya tumbo la ndege kuukuu, na mtu niliyempenda sana amenishika mkono hataki kuniachia.

Mtu huyo ni Ami Nassor, kaka yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye mtaa wa Al Twar, hapa hapa Dubai. Ujanani alikuwa fundi wa ndege za kijeshi Uingereza. Siku zake za mapumziko huko alizimaliza juu ya baiskeli, akitafuta viwanja vya ndege vilivyobaki tangu vita: njia za kurukia zilizopasuka na kuota majani, mnara wa kuongozea ndege uliogeuka makazi ya njiwa, na ndani ya banda moja, ndege ya mbao na turubai ambayo wazee wa kijiji waliipangusa taratibu kama wanaoosha maiti. Alivisimulia mpaka hata mimi, mtoto wa mchanga na viyoyozi, nikaisikia mvua ya huko.

Huku kwetu alikipata kimoja. Mwendo wa saa nzima kutoka mjini, jangwani, palikuwa na kiwanja walichokiacha Waingereza, na pembeni yake ndege ya mizigo ya jeshi, injini mbili, magurudumu yamelala. Tulikwenda kila Ijumaa asubuhi. Askari wa getini, Mganda mpole, alitufungulia bila kuuliza. Ami alinikalisha kiti cha rubani, akanitajia kila kifaa. "Chuma hakisemi uongo, Zuhura," alikuwa akisema. "Anayesema uongo ni aliyekikagua." Nami nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Ijumaa ninayoikumbuka, upepo wa mchanga ulianza tumeshaingia, Ami akafunga mlango. Mchanga ukawa unakwaruza bati kama kucha. Joto likapanda, nikamwambia nina kiu. Alikuwa akiitazama injini ya kushoto kupitia kioo, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo mpaka nikawa simtambui.

Akanishika kifundo cha mkono.

"Raymond," alisema, "leo huruki."

Alisema kwa Kiingereza, lugha ambayo hakunisemesha hata siku moja.

"Ami, ni mimi. Zuhura."

"Nilitia saini ya ukaguzi, lakini sikuitazama vizuri. Ile ya kushoto. Huruki nayo."

Alisimama kati yangu na mlango, na vidole vyake vilikuwa na nguvu ya miaka ya kufungua nati. Nililia, nikamwita, nikasoma Kulhuwallahu. Jasho likanikauka mwilini na midomo ikawa mizito. Raymond sikumjua, ila jambo moja nililielewa: kwamba kubishana naye hakusaidii, na kwamba anaogopa kuliko mimi.

"Basi siruki," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule. "Naapa. Nifungulie nishuke."

Vidole vyake vikalegea kimoja kimoja. Kisha akaniachia, akausukuma mlango kwa bega. Tulipofika chini ya bawa alijifuta uso kwa leso, akaniuliza kwa sauti yake ya siku zote, "Mbona machozi, mwanangu? Mchanga umekuingia?"

Nikasema ndiyo, mchanga.

Njiani alipitiliza mara mbili njia ya kutokea barabara kuu kwenda kwetu. Mara ya tatu nilimwonyesha mimi, na tangu hapo nikawa nasoma vibao vya barabarani kwa sauti, kama vile nacheza, hadi nyumbani.

Mama alikuwa mlangoni. Hakuniuliza tumeona nini. Aliniuliza kwa sauti ya chini, Ami asisikie, "Leo alikujua?"

Niliona ni swali la ajabu. Nikajibu kwamba alinijua, maana niliogopa Ijumaa zetu zisije zikafutwa. Mama aliniingiza jikoni, akanipa maji, akanikunjia mkono wa gauni na kunipaka mafuta ya nazi pale vidole vilipoacha alama.

Miaka mingi baadaye, Ami ameshazikwa, ndipo mama aliponieleza. Daktari alikuwa amewaambia mapema kuwa akili yake inaondoka. Hakutakiwa kutoka peke yake, lakini akifuatwa na mtu mzima aligeuka mkali. Mimi tu alinikubali. Nilidhani napelekwa kutembezwa, kumbe mlinzi ni mimi. Nilimkasirikia mama kwa hilo, sitawaficha. Alisema, "Sikuwa na mwingine, mwanangu." Habari za Raymond hakuna aliyezijua. Ami hakuwahi kumtaja kwa yeyote.

Ijumaa iliyofuata ile ya upepo wa mchanga, Ami aliamka mapema, akavaa, na funguo za gari hazikuonekana. Alizitafuta chini ya mito, ndani ya viatu, kwenye mifuko ya kanzu. Mama alikuwa jikoni akikaanga, ametupa mgongo, hageuki. Mimi nikadhani Ami amezipoteza mwenyewe. Nikapiga magoti, nikatafuta naye asubuhi nzima, nikimwambia asihuzunike, tutaziona tu.