Viazi vya Paulina

Nilipokuwa mtoto kule Maretadu, mdogo wangu Paulina aliweza kuipua sufuria ya makande bila kitambaa. Nilijivunia hilo kuliko yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa mpenda sifa, basi nikawa nawaita wenzetu waje kumtazama akitoa viazi kwenye majivu ya moto kwa mkono mtupu, naye anacheka tu.

Siku moja bibi alisikia harufu ya ngozi inayoungua. Akamshika Paulina mkono, akaugeuza. Kiganja kilijaa malengelenge.

"Huumii?"

"Hapana, bibi."

Bibi akakaa chini. "Nani kati yenu alikwenda chemchemini jua la utosini?"

Chemchemi ile ilikuwa na wenyewe, pepo wa maji. Bibi hakukosa kanisani hata Jumapili moja, lakini mchana hakuteka maji pale. Alituonya kwamba wenye maji humwingia mtu mgongoni, wakamla mikono kidogo kidogo. Wiki iliyotangulia zamu ya kuteka ilikuwa yangu, nami nilimtuma Paulina, mchana, peke yake.

"Hakuna, bibi," nikasema. Paulina alinitazama tu.

Uongo ule nilikaa nao miaka mingi. Kila alipoangusha kikombe, kila vidole vyake vilipozidi kujikunja, nilijua mimi ndiye niliyemtoa kafara. Tulikuwa watu wazima tayari daktari wa hospitali ya mbali alipotuonyesha picha ya mgongo wake. Aliweka kidole kwenye mstari mweupe katikati ya uti.

"Haya ni maji," akasema. "Yanabana mishipa inayopeleka habari za moto na maumivu."

Nikauliza yaliingilia wapi. Akasema hayakutoka nje, ni maji ya mwili wenyewe yaliyokosa njia, huenda tangu kuzaliwa, na ni ugonjwa wa nadra. Walimpasua ili yasizidi, lakini ganzi haikuondoka.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia, "Siku ile nilimdanganya bibi."

"Najua, dada. Lakini mbona viazi nilianza kuvitoa kabla sijaenda chemchemini?"

Alitaka kunifariji, maskini. Nami tangu hapo chemchemi imeniachia, viazi ndivyo vinavyonirudia. Mkono wa mdogo wangu uliungua mbele ya macho yangu, nikaita watu waje kutazama.

Siku hizi, kabla Paulina hajanawa, mimi ndiye ninayetangulia kutia mkono kwenye beseni la maji ya moto.