Albamu Mbili za Kwaya ya Baba

Kwa miaka michache nilikuwa mtangazaji wa redio ndogo hapa Arusha, kwenye ghorofa ya juu ya jengo ambalo chini yake walikuwa wakiuza vipuri vya pikipiki. Kipindi changu kilikuwa Jumamosi alasiri, na kazi yake ilikuwa kuwaambia watu ni albamu gani mpya zinafaa kusikilizwa. Meneja alitaka kila wiki nichanganye: bongo fleva, hip hop ya vijana wa hapa mjini, singeli, taarabu na kwaya. Alisema msikilizaji wetu anapenda muziki wa kila aina. Mimi msikilizaji wa namna hiyo sikuwahi kukutana naye. Niliowajua walipenda aina moja, nyingine walisubiri zipite.

Mfano mzuri alikuwa mwenye nyumba wangu wa Kimandolu, mama wa Kiislamu mzaliwa wa Tanga, ambaye marehemu mumewe alimleta huku kwenye baridi kwa ajili ya biashara ya vitambaa. Alifungulia redio kusikia taarabu. Singeli ikianza alipunguza sauti akaendelea kumenya vitunguu saumu vyake. Jioni nikirudi na kumwamkia shikamoo, aliitikia, kisha ananipa hukumu: kwenye taarabu nimesema kweli, hayo mengine yeye hayajui. Nilifurahi sana kusifiwa hivyo. Wakati huo niliamini kabisa kwamba Mungu alinipa masikio mazuri kuliko ya watu wengine.

Baba yangu ni mkulima na mfugaji upande wa magharibi wa Mlima Meru. Ameimba besi katika kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri tangu kabla sijazaliwa. Baada ya kuzungumzia kurekodi kwa miaka mingi, kwaya yao ikatoa albamu ya kwanza, na mwalimu wao, mwanamama mrefu mwenye sauti ya upole, akaileta redioni mwenyewe ikiwa kwenye flashi. Alileta pia maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Maziwa aliyanywa meneja, albamu nikaisikiliza mimi.

Nyimbo nilizijua zote. Nilikua nikizisikia zikiimbwa bila chombo chochote, watu wazima wakiwa wamesimama na makoti yao, na sauti zile nzito zikipita chini ya nyingine zote. Studio moja ya mjini ilikuwa imezitandikia ngoma za kompyuta ambazo zilianza kabla ya waimbaji na kumaliza baada yao. Besi ilisikika kama watu waliofungiwa chumba cha pili. Katikati ya wimbo wa mateso ya Bwana kikalia king'ora, halafu prodyuza mwenyewe akaitaja studio yake kwa mwangwi.

Jumamosi ile nilipendekeza albamu ya taarabu, nikapendekeza ya hip hop ya vijana fulani wa Olasiti, kisha nikafika kwenye kwaya. Nilijipanga kusema kwa heshima. Nilisema kwamba kwaya hii inaimba vizuri kuliko albamu yake, na kwamba ningekuwa wao, ningerudi kanisani, nikazima hiyo mashine, nikaimba. Nilicheza nusu ya wimbo mmoja, ili watu wasikie tatizo lenyewe.

Sikujua kwamba wakati huo kwaya nzima imekaa kwenye ukumbi wa usharika, redio imewekwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, mchungaji amealikwa, na chai iko tayari.

Baba hakupiga simu. Alipiga mama. Aliniuliza habari za afya, akaniuliza kama mjini kuna mawingu, ingawa mawingu yetu na yao ni yale yale, mwisho akasema baba yangu amerudi kutoka ukumbini na kwenda moja kwa moja zizini.

Jumapili iliyofuata nikapanda nyumbani. Baada ya ibada mwalimu wa kwaya akaniita pembeni. Nilimwamkia nikiangalia viatu vyangu, nimejiandaa kuomba radhi kwa jinsi nilivyosema, ingawa si kwa nilichosema. Lakini hakuwa amekasirika. Alieleza kwamba wamekaa kikao kirefu, na wazee wa besi ndio waliokuwa wa kwanza kuniunga mkono. Watarekodi upya, hapo hapo kanisani, bila ngoma. Akaniomba nami niwepo, kwa kuwa ninajua.

Nadhani sijawahi kuwa na siku nzuri kama ile ya kurekodi. Tulifunga madirisha kuzuia upepo. Fundi aliweka maikrofoni karibu na madhabahu, nami nikakaa benchi la mbele kama mkaguzi. Baba alisimama mwisho wa mstari wake, macho amefumba, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake peke yake ndani ya zile nyingine, nikalia kidogo. Katika wimbo mmoja ng'ombe wa jirani alilia. Fundi alitaka warudie, mimi nikasema aachwe.

Albamu hiyo ya pili niliipendekeza wiki kadhaa mfululizo, mpaka meneja akauliza kama hakuna mtu mwingine aliyetoa albamu katika nchi hii. Simu zilikuja nyingi. Waliopiga waliomba ile ya kwanza, ile niliyoisema vibaya, yenye ngoma. Nilipowaeleza kwamba kuna nyingine bora zaidi, walinishukuru, wakarudia kuomba ile yenye ngoma. Muda si mrefu ikawa inalia saluni na kwenye vijiwe vya bodaboda.

Kisha mimi na mwenye nyumba wangu tukaalikwa sherehe ya kumuaga binti wa jirani, kwenye ukumbi mmoja Lemara. Nilikaa naye meza moja. Mshereheshaji alipoita watu watoe zawadi, spika zikafunguliwa, na nikasikia kile king'ora. Akina mama walinyanyuka meza nzima nzima, zawadi kichwani, wakicheza.

"Hawa ni kina nani?" mwenye nyumba akaniuliza.

Nikamwambia ni kwaya ya baba yangu.

"Mbona redioni uliwasema vibaya?"

Nikamweleza kwamba waimbaji ni wazuri, kilichoharibu ni zile ngoma.

"Ngoma ndiyo nzuri hapo, mwanangu," akasema. Akachukua doti yake ya khanga aliyoifunga kwenye karatasi ya zawadi, akaingia kwenye msafara, na alivyocheza sikuwahi kumwona akicheza hivyo hata kwa taarabu.

Nilipokwenda nyumbani kwa likizo nilimkuta baba nyuma ya nyumba akikatakata migomba ya kuwalisha ng'ombe, simu iko mfuko wa koti inaimba. Ilikuwa albamu ya kwanza. Nikakaa kwenye gogo, nikamuuliza ile ya pili anaionaje.

Alifikiri kwanza. "Ya pili ni nzuri," alisema. "Tunaiheshimu sana."

"Lakini hiyo yenye ngoma besi haisikiki, baba."

"Mimi najua ninapoingia," akasema.

Na kweli, mbele ya macho yangu, aliingia. Panga likiwa linashuka juu ya mgomba, aliimba sehemu yake yote juu ya ile mashine, kwa sauti kamili. King'ora kilipolia alinyamaza kukipisha, kisha akaendelea.

Kwaya sasa inaandaa albamu ya tatu, na imerudi kwa prodyuza yule yule. Mwalimu alinipigia kuniarifu kwa adabu zote. Akasema safari hii wasingependa kunisumbua.