Askari wa Kizibo

Plastiki mpya ina harufu yake, na mimi nikiisikia tu, basi tena, situlii. Juzi nimepita Yide Lu, mtaa wa jumla wa vitu vya kuchezea hapa Guangzhou, nikajikuta nakwenda mbio kama mtu anayefukuzwa, mwanamke mzima. Chanzo ni wale askari.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi hapa hapa Guangzhou. Mama, Mzanzibari asiyejua kukaa kitako, alikuwa akinunua bidhaa za maduka ya Unguja, na mwaka ule alitaka vya kuchezea vya Idi. Mteja mmoja akampa boksi lililotoka Ulaya: ngome, mashujaa wa Kizungu wa zamani juu ya farasi, misalaba vifuani, na maadui zao wenye vilemba. Mama akaona hiyo mali. Misalaba ingefutwa, kiwanda kidogo kingemtolea nakala zake, kwisha.

Ndani mlikuwa na kijitabu cha Kiingereza, nami ndiye msomaji wa nyumba. Kurasa nzima zilieleza jinsi mashujaa walivyovuka nchi na nchi kwenda kuikomboa Yerusalemu. Wenye vilemba walipewa sentensi moja: walishindwa. Na kweli, maadui wote walikuwa mtu mmoja aliyerudiwa mara kumi, magoti yamepinda, mikono juu. Ukimsimamisha, anaanguka. Ndivyo alivyotengenezwa. Na kile kilemba, jamani, kilikuwa cha babu yangu mtupu! Iliniuma hasa.

Nilijua sampuli haichezewi. Kiwanda hunakili ulichokipa, pamoja na kasoro zake. Shoga yake mama aliwahi kuacha sampuli ya shati lililong'oka kifungo. Akaletewa mzigo mzima hauna kifungo kile, na mahali pake kila shati lina kauzi kanakoning'inia. Kisa hicho nilikuwa nakijua neno kwa neno. Lakini mkono haukunisikia. Mama alipotoka nikamimina maji ya moto ya chupa ya chai bakulini, nikamtumbukiza adui mmoja, nikamnyoosha magoti, nikamshusha mikono, nikamgandisha kwa gundi juu ya kizibo cha soda. Akasimama. Nikatikisa meza, bado kasimama.

Asubuhi naamka, hayupo. Kiwanda kilitaka shujaa mmoja na adui mmoja, na kati ya kumi mama alikuwa amempeleka wangu.

Wiki mbili zile sitaki hata kuzikumbuka. Maduka yote yalikuwa yakimngoja mama kwa Idi, na mimi, mwanawe wa pekee, nimemharibia kazi. Nikatafuna kucha, nikawa nakwenda dirishani na kurudi. Mama akawa ananiuliza kama nimemwagiwa upupu. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie, mara tatu nikaomba maji ya kunywa.

Siku ya kukagua mzigo akanichukua. Laoban, yaani bosi wa kiwanda, alikuwa mwanamke wa makamo. Akapasua katoni la kwanza, akawapanga mezani. Wenye vilemba wote wamesimama wima, kila mmoja na kizibo chake miguuni. Akaweka na sampuli pembeni. Kabla ya kumwachia laoban, mama alikuwa ametia saini chini ya askari yule, kama desturi, ili asije akabadilishiwa. Mama akamchukua, akamgeuza. Mimi nikafumba macho.

"Sawasawa na sampuli," nikamsikia mama akisema. "Fungeni."

Nje akanitilia yule askari wa sampuli mkononi, akaanza kuzungumzia chakula cha mchana. Nikajua nimeponea chupuchupu: alikuwa na haraka, alisaini bila miwani yake ya kusomea, hakuona kitu. Nikamficha askari kwa aibu, sikumtazama tena.

Nimekua, nimesoma habari za vita vile katika vitabu vya Wazungu na vya Waarabu, na katika kila kimoja kuna watu waliochongwa waanguke. Nilikuwa nikidhani nimeligundua hilo peke yangu.

Juzi, nilipotoka Yide Lu na harufu ile puani, nikamtoa askari ndani ya boksi la vitu vya zamani, kwa mara ya kwanza nikamgeuza. Saini imo ndani ya kizibo, palipobana, herufi ndogo ndogo, zimeandikwa polepole zipate kuenea. Mama alikuwa amevaa miwani.