Redio Mbili za Wabera

Mwanangu, sogea upande huu, sikio langu la kushoto lilishastaafu. Mambo mengi nimeyasahau, lakini siku ile baba yangu alipoingia nyumbani na redio mpya kwapani naikumbuka kama jana. Mama alishika kichwa. Sote tulijua amenunua ya nini.

Kabla ya hapo tulisikiliza redio moja tu, ya jirani yetu Guyo, dereva wa lori. Baba alifanya biashara ya ng'ombe, na ng'ombe wake wote walisafiri kwa lori la Guyo. Jioni wawili hao walikaa kwenye mkeka mmoja hapa mtaani kwetu Wabera, wakinywa chai na kusikiliza habari za dunia. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini na dunia ilikuwa imechemka kweli. Nchi moja ilisema mwanamke na mwanamume wako sawa mpaka kwenye urithi, na asiyetaka atiwe ndani. Nchi nyingine ilisema mwanamke ajifunike, na asiyetaka atiwe ndani pia. Guyo akashika upande wa ile ya kwanza, Baba akashika wa ile ya pili. Wala hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga huko!

Walianza kwa utani. Ukageuka kelele, na mwisho Guyo akamwambia Baba amebaki nyuma, Baba naye akamwambia Guyo ameuza dini yake. Kesho yake ndipo ile redio ya pili ikaja. Tangu hapo kila jioni zilifunguliwa kwa sauti ya juu kabisa, moja huku na moja kule ng'ambo ya ua wa miiba, na sisi hapo katikati hatusikilizani.

Ningecheka, lakini safari yangu ndiyo iliyoumia. Nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha wauguzi huko Meru. Baba mwenyewe alikubali, tena kwa moyo mweupe, akaninunulia sanduku la bati. Guyo naye aliahidi kunipeleka kwa lori lake. Sasa siku moja Guyo akasimama hotelini, mbele ya wanaume wote wanaokunywa chai, akasema binti wa nyumba ile anakwenda kusoma, basi baba yake ameshindwa na nchi ya Guyo imeshinda. Baba alirudi nyumbani akasema siendi popote. Hakunigombeza. Hata hakuniangalia. Baada ya siku chache Mama akaanza kuweka unga ndani ya lile sanduku.

Nililia mpaka nikachoka. Nikaenda kwa Akko, ndivyo sisi Waborana tunavyomwita bibi, yeye ndiye aliyemzaa Baba. Alikuwa anafukiza vibuyu vya maziwa. Nikamwambia watu kama Baba wanafaa kufungwa, kama inavyofanywa kwenye ile nchi ya Guyo. Hakuinua hata macho.

"Na wewe umenunua redio yako?" akaniuliza.

Niliona aibu, mwanangu. Nilikuwa nimemtamkia baba yangu jela, na ni yule yule aliyenichagulia sanduku lenye kufuli zuri.

Ijumaa baada ya swala Akko alipika buna. Ni kahawa ya punje nzima, inakaangwa kwa samli na kuliwa kutoka bakuli moja, ili kuombea jambo. Watu hawakatai kuitwa kwenye buna, lakini mwenye kinyongo haruhusiwi kuitikia dua. Kwa hiyo Baba alikuja, Guyo akaja, wakakaa wamepeana migongo. Akko akashikilia bakuli mapajani, asiombe wala asigawe. Samli ikaanza kuganda. Ndipo akamwuliza Baba, "Huyo mtu wa ndani ya redio yako analijua jina la mtoto huyu?"

Baba akasema hapana.

"Na wako, Guyo?"

Guyo akatikisa kichwa.

"Basi mbona mmewaachia wao waamue?" Akamgeukia tena Baba. "Ulipokubali mara ya kwanza, ulikuwa umeangalia nini?"

Baba aliinamisha macho kwenye bakuli. Kisha akasema, polepole, "Niliangalia alivyomuuguza mama yake."

"Mwangalie tena."

Akaniangalia. Wiki zote zile hakuwa ameniangalia, na mimi nilikuwa nimemkosa kuliko nilivyokikosa kile chuo. Macho yake yalijaa maji. Akachukua bakuli kwa Akko, akachota kidogo, kisha akampa Guyo. Guyo akasema alinitaja hotelini ili amchape Baba kwa jina langu, na kwamba hilo lilikuwa kosa. Tukaitikia dua sote. Mama akatoka nje kukung'uta unga kwenye sanduku.

Usidhani walikubaliana! Siku ya safari Baba alikuja nasi kwenye lori, na wakabishana kuhusu nchi zile mpaka Meru, mimi nimebanwa katikati yao nikinuka samli aliyonipaka Akko, nikiwa na furaha isiyo na kipimo. Miaka ya themanini nilipokuwa muuguzi, walikuwa wanakuja zahanati pamoja, bado wanabishana kwenye benchi. Nilipotoa sindano walinyamaza, halafu Baba akasema nianze na Guyo.

Wote wameshatangulia. Namshukuru Akko, namshukuru Guyo na mdomo wake, na zaidi namshukuru Baba, aliyekubali kubadilisha neno mbele ya watu. Si rahisi kwa mwanamume wa mjini hapa.

Sasa nawaona ninyi na simu zenu, mnagombana na ndugu zenu kwa maneno ya nchi ambazo hamtazifikia. Sikiliza, mwanangu, nami bado nasikiliza. Shika upande unaouamini. Lakini likija jambo la mtu aliye mbele yako, zima kwanza hiyo simu, umtazame yeye. Na ukimtetea mtu, umtetee kwa ajili yake, si kwa kumwumiza jirani.

Mungu akupe amani ya ndani ya boma na ya nje. Akupe mvua na maziwa, na wa kubishana naye ambaye bado atakupisha kwenye mkeka wake. Na siku jambo lako litakapokuwa mikononi mwa mtu mwingine, Mungu amjalie mtu huyo akuangalie.