Jora la Kijani
Fundi wetu wa nguo pale mtaani Keshero hakati kitambaa kabla hajauliza. Hukilaza mezani, hukipapasa kama mgongo wa mtoto mchanga, kisha husema na pini zikiwa midomoni: "Ya harusi ao ya matanga?" Ukimjibu ni gauni tu, atakungoja, mkasi wazi mkononi, mpaka useme utalivalia wapi.

Juzi, sisi wamama tukiwa hapo, mkubwa mmoja wa mtaa alimletea jora la kitambaa cha kijani. Akasema vijana wetu wanapelekwa vitani, washonewe sare upesi. Fundi akalipapasa. "Papa, hii vita ni ya kupata nini? Na tukishakipata, vita itasimama?" "Mama, weye shona tu. Mambo ya vita haisemewe mbele ya batu." Akatema pini zote kiganjani, na sauti yake ikafika barabarani: "Nikishakata, hairudi. Na batoto ya hawa bamama ndio watavaa. Basi sema mbele yao." Akaufunga mkasi, akaukalia. Sisi tuliokuwa tukingoja nguo zetu tukakokota mabenchi juu ya mawe ya volkano, tukamzunguka yule mkubwa tusikie jibu. Jora lake limeegemea ukutani mpaka leo, zima, halijakatwa.